Mto Uliotakata

Siku ile mjinga alikuwa Stanislas, na ukimuuliza leo hakubishii. Atakuvutia kiti, atacheka mpaka akohoe, kisha atakusimulia mwenyewe jinsi alivyowaua samaki wake kwa mkono wake, tena akiwa amevaa kravati.

Kravati, ndiyo, kwa sababu Jumapili ile wakwe walikuwa wanakuja kula. Binti yake mkubwa, Keren, alikuwa amechumbiwa na Élie, kijana wa familia ya Kasai, watu wa shule na biashara, wanaosema Kifaransa hata wakimfukuza mbuzi. Stanislas naye si mtu wa kujidharau. Baba yake alikuwa fundi wa reli, na katika nyumba za reli watoto walifundishwa kupiga shati pasi kabla ya kufundishwa kusali. Ila sasa anaishi Naviundu, ukingoni mwa mto, na kazi yake ni samaki. Ana mabwawa mawili: kubwa liko bondeni, la samaki wa kuuza; dogo liko juu kidogo, la samaki wazazi, wale mama na baba ambao kila kitoto kinachoogelea kwake kimetoka kwao. Mfereji mmoja unatoka mtoni, unapita karibu na bwawa dogo, unashukia kubwa.

Aibu yake ilikuwa rangi. Maji ya bwawa yakiwa mazuri huwa ya kijani kizito, kama sombe, kisamvu kilichopikwa vizuri. Wafugaji wote wa pale wanajua kipimo: unazamisha mkono mpaka kwenye kiwiko, usipoona kiganja, samaki wanashiba; ukihesabu vidole vyako, kimbia ukatafute mbolea ya kuku, maana samaki wako wana njaa. Stanislas mwenyewe ndiye aliyewafundisha nusu ya mtaa kipimo hicho, kwa sauti ya padri. Lakini utamwelezaje mkwe msomi kwamba ile supu ya kijani inayonuka kinyesi cha kuku ndiyo utajiri wako?

Basi wiki zile mto ukamfanyia hisani. Naviundu aliyoizoea, nzito, ya rangi ya chai ya maziwa, ilianza kutakata. Kwanza ukaona mawe ya pembeni. Kisha ukaona ya katikati. Mwishowe maji yakawa yanang'aa na kuchukua ubuluu fulani wa mbali, kama kioo cha dirisha la kanisa. Tena vyura wakanyamaza, wale vyura waliomnyima usingizi tangu ajenge pale. Stanislas alilala kama gunia la makaa. Aliamka akatangaza mtaa mzima kwamba Mungu ameikumbuka Naviundu.

"Papa Keren," mke wake Albertine alimwambia, "bachura beko wapi?"

"Balihama."

"Balihama balienda wapi?"

"Aba! Weye unabatafutia nini? Ulitaka kuolewa na mumoja?"

Albertine hakucheka. Alisimama ukingoni, akitazama yale mawe kama mtu anayemtazama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi.

Ndipo akapita Paulin. Huyu ni mtoto wa mtaa ule, aliyekua akila bukari, ugali wa kwao, kwenye meza ya Albertine kila mama yake alipochelewa sokoni. Sasa amepata kazi kwenye kiwanda kimoja cha kusafishia shaba huko juu mtoni. Kazi yake ni kuwasemea mabwana zake kwa watu, na kuwapiga watu picha wakitabasamu. Alimkuta Stanislas ameingia mtoni, suruali imekunjwa mpaka magotini.

"Papa Stanis, sema kidogo juu ya mayi. Mi nakufilimu."

Kumwambia Stanislas aseme ni kumwambia kuku adonoe. Alijinyoosha, akafungua mikono kama askofu. "Mutazame, bandugu! Ile mayi iko sawa ya mu chupa! Tangu nazaliwa sijaona Naviundu safi hivi. Benye kufanya vile, Mungu abapatie siku mingi!"

Paulin alimshukuru, akaenda zake. Na Jumamosi jioni, bila kumwambia mke wake, Stanislas alifunga kilango cha bwawa dogo, maana lile lilikuwa limejificha nyuma ya migomba na mgeni hatalifikia. Akafungua mfereji wote uteremke kwenye bwawa kubwa. Alitaka wakwe wakija waone samaki wakiogelea, mmoja mmoja, kama nyuma ya kioo cha duka.

*

Mama Brigitte, mama yake Élie, alikuja na gauni la mikono mirefu na soksi. Alikuwa ameambiwa kwamba watu wa mtoni wanaliwa na mbu mpaka mchana. Baada ya muda alipandisha mikono ya gauni, akashangaa.

"Mbona huku kwenu hata mbu mmoja hakuna? Kwetu mjini tunafunga madirisha saa kumi na moja!"

"Ni hewa, mama," alisema Stanislas, akipanga kravati yake. "Huku tuko na hewa."

Albertine alileta bukari na samaki wa kukaanga aliowavua Ijumaa. Papa Antoine, mkwe mwanaume, mtu wa kwenda na kurudi Mokambo, mpakani, kwa biashara yake ya vitambaa, alikula vipande vitatu akasema angependa kuwaona jamaa za huyu aliyemla. Ndicho Stanislas alichokuwa anakingoja. Aliwatangulia kama mwongoza watalii.

Bwawa lilikuwa limetakata. Chini ulionekana mchanga, na kandambili ya mtoto iliyopotea zamani. Na samaki walionekana, wote, kwa sababu wote walikuwa juu. Wamejipanga usoni pa maji, midomo wazi, wakifungua na kufunga, wakifungua na kufunga.

"Banafanya nini vile?" aliuliza Papa Antoine. "Banaimba?"

"Banabasalimia," alisema Stanislas, ingawa jasho lilishaanza kushuka ndani ya kola.

Samaki mmoja akageuka tumbo. Mwingine akazunguka mara mbili kama mlevi anayetafuta mlango wake, akageuka naye. Kisha wakawa wanageuka makundi kwa makundi, bwawa likajaa weupe wa matumbo. Mama Brigitte alifanya ishara ya msalaba, akatoa kitambaa akaziba pua, ingawa hakukuwa na harufu yoyote. Maji yale hayakunuka kitu, ndilo lililokuwa baya.

Albertine alirudi mbio mezani, akavuta kitambaa cheupe kilichodariziwa, sahani zikagongana, akapanda nacho hadi bwawa dogo. Kilango kilikuwa kinavuja. Maji ya mto yalikuwa yanaingia kwa wazazi, ndani ya kijani, uzi mwembamba unaong'aa. Alipiga magoti kwenye tope na kikwembe chake, kitenge cha sherehe, akasokomeza kitambaa kwenye ufa, akakandika udongo kwa mikono miwili, mpaka ule uzi ukakatika.

Wakwe walipokuwa wanaaga, Stanislas alimwona Mama Brigitte akipita mezani. Alichukua sahani yake, yenye samaki aliyebaki, akaifunika na sahani nyingine polepole, kama mtu anayefunika maiti.

*

Filimu ilipita mtaa haraka kuliko harufu, maana kufikia Jumanne harufu nayo ilikuwapo. Kiwanda kiliiweka kwenye simu za watu, na muziki wa kwaya chini yake: *Mukaaji wa Naviundu anashuhudia*. Stanislas mikono wazi, mawe yanang'aa miguuni. Ukienda sokoni unajiona. Ukinyoa nywele kinyozi anakuwekea.

Jina jipya lilimngoja kila kona. Alikuwa Papa Stanis. Sasa akawa Papa Chupa.

"Papa Chupa!" alimwita Mama Simone, jirani anayelima lengalenga, yaani mchicha, ukingoni, mwenye ulimi usiolala. "Lengalenga yangu inakusalimia. Ilikunywa mayi yako ya mu chupa, ikalala. Inasema utakuja kuiombea."

Akamwonyesha matuta. Majani yalikuwa yamekauka kingo, yamejikunja kama karatasi iliyopitishwa motoni.

Nyumbani ilikuwa vita nyingine, na hii haikuwa ya maneno. Lilibaki bwawa dogo. Wazazi walikuwa hai, kijani chao kizito kimewafunika, lakini kiangazi kilikuwa kikali na bwawa lilikuwa linanywewa na jua. Kufungua mfereji ni kuwaua. Kutofungua ni kuwaona wakiishiwa maji taratibu. Wakifa wale hakuna vitoto, na bila vitoto hakuna kazi tena, kuna mashimo mawili tu nyuma ya nyumba. Kwa hiyo kila asubuhi familia ilibeba bidoni, madumu ya maji, kutoka visima vya majirani, ikaenda kumwagia samaki. Hebu fikiria: watu wanaoishi mtoni, wanabeba maji kwenda mtoni. Vijana wa baiskeli walisimama kutazama.

"Papa Chupa, muko munafundisha samaki kunywa?"

Keren, bibi arusi mtarajiwa, alibeba bidoni mbili mbili mpaka viganja vikachubuka. Élie alikuja jioni moja, akaitazama ile mikono, akavua viatu vyake vya ofisini bila kuongea, akachukua bidoni. Stanislas alimwona akiteleza na kuanguka na suruali yake nzuri, na ndiyo siku ya kwanza alimpenda mkwe wake.

Lakini kina kiliendelea kushuka. Ikafika mchana mmoja migongo ya wale samaki wakubwa ikaanza kuonekana, mistari myeusi ikikata uso wa maji.

"Wao beko banatungojea," alisema Albertine. "Nasi tunangojea nani?"

*

Paulin alikuja na soda. Aliketi pale pale alipoketi utotoni, na Albertine alimpakulia pale pale, kwa sababu hasira yake haikuwa ya kumnyima mtoto chakula.

"Papa, mama," alianza, "bakubwa ya kazi balinituma. Banasikitika sana juu ya samaki. Balichunguza, balikuta ni ile mbolea ya kuku, mulipita kipimo."

"Mbolea ya kuku," alisema Stanislas.

"Njo vile banasema. Lakini banataka kusaidia. Watalipa samaki bapya, bapya kabisa. Na papa watamupatia kazi: mulinzi wa mutoni. Na gilet ya orange, na byote." Akameza. "Iko tu kufanya filimu ingine. Fupi. Papa aseme mbolea ilimuzidia."

Usimcheke Stanislas: ile gilet, kizibao cha rangi ya chungwa, aliiona. Aliiona imepigwa pasi. Aliona vijana wa baiskeli wakimpisha njia. Mtu aliyeitwa Papa Chupa siku zote hizi anaweza kutamani hata kofia.

"Hao samaki bapya," aliuliza, "watakunywa nini?"

Paulin alitazama sahani.

"Nakuuliza, mwana. Balete hata lori muzima. Watakunywa nini?"

"Papa, mi niko natumwa tu. Nami niko na batoto."

"Na batoto yako watakula lengalenga ya wapi?" alidakia Albertine. "Ya Mama Simone? Enda ukaione."

Stanislas alisimama. Alikuwa na tope mpaka kwenye mapaja, shati halijaona pasi kwa siku nyingi, na kwa mara ya kwanza hakujali. "Wambie hivi. Sura yangu muliisha kuitumia mara moja, bure. Mara ya pili sitatoa. Hata mukinipatia gilet ya dhahabu."

"Basi Jumamosi pa mukutano ya chef wa mtaa nitaonyesha ile ya kwanza," alisema Paulin, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha mapema. "Unajua chef alisema nini: bantu ya mutoni bakikubali mayi iko safi, maneno imeisha, bomba la kiwanda linalomwaga mutoni linabaki wazi. Bakikataa, ataandikia mji balifunge mpaka mayi ipimwe. Na papa mwenyewe njo shahidi yetu."

Alipotoka, soda zake zilibaki mezani. Albertine alimkimbilia mpaka barabarani akamrudishia zote, hata ile iliyofunguliwa.

*

Jumamosi uwanja wa kanisa ulijaa. Shefu wa mtaa aliketi katikati, nyuma ya meza, akijipepea. Pembeni kiwanda kilikuwa kimeshusha marobota, na watu walikuwa wameshapanga mstari: zawadi, kila nyumba chandarua kimoja, kipya, ndani ya mfuko wake. Kabla ya mkutano kuanza karibu kila mama alikuwa na chake kwapani. Albertine naye alijipanga, akapokea. Stanislas alimtazama kwa mshangao, lakini hakuuliza. Macho yake yalikuwa yamekwama kwenye kiti cha mbele: Papa Antoine na Mama Brigitte walikuwa wamekuja, wameketi, mkoba magotini.

Paulin aliunganisha simu yake na spika. Kwaya ikaimba, kisha sauti ya Stanislas ikalipuka juu ya uwanja: *Ile mayi iko sawa ya mu chupa!* Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega.

"Chef," alisema Paulin, "huyu hatukumulipa. Hatukumulazimisha. Ni mufugaji wa samaki, muntu anajua mayi kuliko siye wote."

Shefu akageuka. "Papa Stanislas, ni weye ule?"

Alisimama. Alijua akisema ndiyo, ameliuza bwawa lake dogo. Akisema hapana, filimu iko pale. Na mkwe anatazama.

"Ni miye, chef. Njo sura yangu, njo mudomo yangu." Akavuta pumzi. "Niko nafundisha bantu humu: tia mukono mu bwawa mpaka ku kiwiko, ukiona vidole yako, kuko shida. Wote munajua, niliwafundisha. Siku ile nilisimama mu mutoni, nikaona vidole ya miguu yangu yote, nikamushukuru Mungu. Juu bakwe yangu balikuwa banakuja, nilitaka banione muntu muzuri. Nilifungua mfereji mi mwenyewe, nikaua samaki yangu, nikiwa na kravati. Mujinga ya ile filimu ni miye. Mulicheka, mulifanya muzuri. Lakini musiweke ule mujinga akuwe shahidi."

Kwenye kiti cha mbele Papa Antoine alianza kucheka, kicheko cha tumbo, akapiga paja. "Mukwe! Na ulituambia samaki wanatusalimia!" Watu wakalipuka, lakini hiki kicheko kilikuwa kingine, kilimfunika Stanislas kama koti.

Paulin alingoja kitulie. Kazi ni kazi.

"Chef, ni hadithi nzuri. Lakini tuseme kweli. Siku moja papa anasema mayi iko safi, leo anasema iko mubaya. Tumwamini yupi? Miye naamini macho. Kila muntu hapa anaweza kwenda ku mutoni sasa hivi: hakuna takataka, hakuna harufu, mawe inaonekana mpaka chini. Mwenye kuwa na ushahidi ingine, asimame, atuonyeshe. Kama hakuna, chef, tufunge maneno. Bantu banataka kurudi nyumbani na zawadi yao."

Shefu alitazama kulia, akatazama kushoto. Stanislas aliiona migongo myeusi ya samaki wake wazee kana kwamba iko pale miguuni pake.

Albertine alikwisha kusimama. Alitembea mpaka kwenye meza, bila haraka, akaweka chandarua mbele ya Paulin, bado kwenye mfuko wake, akakisukuma kwa kidole kimoja mpaka kikamgusa kifuani.

"Rudisha mustikere yako, mutoto yangu. Ile mayi yenu safi, hata mbu alikataa kuzalia mule."